Babu wa Ukoo Aliletwa Australia Kama Mfungwa? Anzia Hapa

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza. Mara ni dada wa Perth kaolewa na mwenyeji wa huku, mara kijana wa Melbourne mama Mkongomani baba Muaustralia, juzi mzee wetu mmoja wa Tanga mjukuu wake kapewa kazi ya shule achore mti wa familia. Swali ni lile lile: "Wanasema upande wa huku kuna babu aliletwa na meli akiwa mfungwa, tutajuaje kama ni kweli?" Nimechoka kujibu kwa voisi za dakika nane nane, kwaiyo naandika mara moja, ukiulizwa na wewe mtumie mwenzio.

Mimi sio mwanahistoria jamani. Nimeolewa huku, basi siku moja mama mkwe kanikabidhi kopo la biskuti limejaa vyeti na picha, kasema wewe ndo unaependa habari za ukoo, haya chukua. Kwetu ukoo unasimuliwa, bibi anakuhesabia mababu huku anachambua mchele. Hawa wenzetu habari ya mfungwa ilifichwa, watu waliona aibu vizazi na vizazi, hata Tasmania ilibadilishwa jina mwaka 1856, zamani ikiitwa Van Diemen's Land, mana lile jina la kwanza lilishanuka jela. Leo mambo yamegeuka, mtu akikosa mfungwa kwenye ukoo ananuna. Na yote mawili yatakusumbua: wa zamani walidanganya ili wafiche, wa sasa wanadanganya ili wapate.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Vyeti vyovyote vya familia, kuzaliwa, ndoa, kifo. Hata cha mtu aliekufa juzi kinafaa.
- Mzee mmoja alie hai na anaependa kuongea. Muhoji sasa hivi, usingoje Krismasi.
- Kompyuta. Simu inawezekana ila utaumia macho, haya maandishi ni madogo na yamebanana.
- Daftari. Kila unachokiona andika umekiona wapi na namba ya faili, mana utarudi na hutakumbuka, nakuapia.
- Hela kidogo ya kununua vyeti viwili vitatu. Tovuti za kulipia kwa mwezi achana nazo kwanza, vitu vingi vya wafungwa ni bure.

Nadharia kidogo tu, usiruke

Kuanzia 1788 mpaka 1868 Uingereza ilisafirisha watu kama 162,000 kuja kutumikia vifungo Australia, wanawake humo ni kama 25,000. Wengi kosa lao ni wizi. Kifungo kilikuwa miaka 7, miaka 14 au maisha, baadae utakutana pia na miaka 10 na 15. Usidhani wote walikaa nyuma ya nondo, wengi walipewa mabwana wakawafanyie kazi mashambani na majumbani.

Sehemu ziko tatu na lazima ujue wako alifikia ipi, mana mafaili hayako pamoja. New South Wales, yani Sydney na jirani zake, ilipokea kuanzia 1788 mpaka 1840, baada ya hapo meli chache tu. Tasmania ilipokea mpaka 1853. Western Australia, yani upande wa Perth, ilichelewa, 1850 mpaka 1868, kama watu 9,700 na wote wanaume. Kwaiyo ukiambiwa "bibi yetu aliletwa mfungwa moja kwa moja mpaka Perth," hapo stori ina tundu. South Australia haikupokea meli za wafungwa. Victoria, yani Melbourne na jirani zake, nayo ilipokea wachache sana moja kwa moja, lakini waliomaliza vifungo Tasmania walivuka maji kwenda huko kwa wingi, hasa dhahabu ilipopatikana 1851, kwaiyo familia ya Melbourne isikudanganye kwamba "sisi wetu walikuja huru".

Na kitu kimoja ukishike mpaka mwisho: kwenye makaratasi ya serikali mfungwa hakutambulika kwa jina la baba, alitambulika kwa meli. Anaandikwa jina lake, alafu jina la meli iliyomleta, kila karatasi, mpaka anaachiwa huru na hata baada ya hapo. Meli ndo ubini wake. Ukishapata meli na mwaka wake umempata mtu, kabla ya hapo una jina tu, na majina kina John na William na Mary yapo kama mchanga wa Coco Beach.

Hatua kwa hatua

1. Anza na alie hai, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja.
Kilembwe, kitukuu, mjukuu, mtoto, panda hivo hivo na kila ngazi uwe na karatasi inayomuunganisha mtu na mzazi wake. Najua inaboa. Lakini kosa namba moja la wote wanaoniuliza ni hili: wameona mfungwa maarufu ana ubini kama wao, wakaanzia kwake wakawa wanashuka kujitafuta. Ukishuka utajipata tu, mana umeshaamua.

2. Tafuta cheti cha kifo cha yule wa kwanza kufia Australia.
Hiki ndo cheti cha maana kuliko vyote. Uandikishaji wa serikali ulianza Tasmania Desemba 1838, Western Australia 1841, Victoria Julai 1853, New South Wales Machi 1856. Kabla ya hapo unategemea vitabu vya makanisa, ubatizo, ndoa na mazishi.

Cheti cha kifo cha Victoria na cha New South Wales ni utajiri: wazazi, alizaliwa wapi, alioa wapi na umri gani, watoto, na kuna sehemu inauliza amekaa kwenye makoloni miaka mingapi. Hapo toa hesabu. Wa kwetu alifariki Victoria mwaka 1883, kwenye hiyo sehemu pameandikwa "Tasmania miaka 11, Victoria miaka 30". Mama mkwe siku zote alisimulia kwamba babu alikuja mwenyewe, fundi viatu, akafikia Melbourne moja kwa moja. Sasa ile miaka 11 ya Tasmania imetoka wapi? 1883 ukitoa 41 unapata 1842, na 1842 mwanaume wa peke yake anaeshukia Hobart, bandari ya Tasmania, lazima umtilie mashaka kidogo.

Angalizo: anaejaza cheti cha kifo sio marehemu, ni mtoto au mkwe au jirani. Miaka inaweza kupishana miwili mitatu, na penye aibu panaandikwa "haijulikani". Vyeti vya kifo vya Tasmania vyenyewe ni vikavu, jina, umri, kazi, ugonjwa, basi. Usitegemee wazazi humo.

3. Jiulize kwanza kama kweli alikuwa mfungwa.
Wengi wanaruka hapa. Walikuja pia wanajeshi, mabaharia, wahamiaji waliolipiwa nauli, na Western Australia walikuja wanajeshi wastaafu kama walinzi wa hao hao wafungwa, kwenye meli hizo hizo! Nina rafiki familia yake miaka yote wanajua babu alikuwa mfungwa kwa sababu jina la meli lilikuwa kwenye Biblia ya nyumbani, kumbe babu alikuwa upande wa bunduki.

Kwa New South Wales kipimo kizuri ni sensa ya Novemba 1828, iliandika watu kama 36,000 na pembeni ya kila jina kuna herufi. CF ni aliekuja huru. BC ni aliezaliwa koloni. FS ni alieachiwa baada ya kumaliza kifungo. TL ana kibali cha kujitafutia kazi, GS bado anatumikia, CP na AP wamesamehewa. Alafu, utamu wenyewe, kuna safu ya meli na mwaka. Mtu wako akiwepo humo umeokoa miezi.

4. Tafuta meli.
Hapa kaa, usikimbie.

Kama ni Tasmania ingia indeksi ya majina ya Libraries Tasmania, bure kabisa, na picha za kurasa zenyewe unazifungua hapo hapo. Andika jina, chuja kwenye wafungwa. Utapata watu watano, kumi, wenye jina hilo hilo. Usichague! Waandike wote na meli zao na miaka yao, alafu anza kuwafuta mmoja mmoja. Huyu alikufa kabla ya ndoa, futa. Huyu alifika miaka sita baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa, futa.

Mimi nilichagua. Walikuwa wanne, nikampenda mmoja mwenye kesi tamu, farasi na kutoroka usiku, nikamsimulia kila mtu mezani siku ya sikukuu, shemeji zangu wanashangilia. Miezi minne baadae nakuta alishazikwa kabla mama wa watoto hajafikisha miaka kumi. Nilijificha wiki nzima.

Kilichoniokoa ni kibali cha ndoa. Mfungwa hakuruhusiwa kuoa bila ruhusa ya gavana, kwaiyo kuna vitabu vya maombi, Tasmania viko kwenye faili CON52, Sydney navyo vipo kuanzia 1826. Mule bwana harusi na bibi harusi kila mmoja ana meli yake mbele ya jina, au neno "Free" kama alikuja huru. Ukiwa na cheti cha ndoa chenye majina ya wote wawili, ukakuta ombi lenye majina hayo hayo mwezi mmoja au miwili nyuma, hapo kaa chini unywe chai, umeshampata. Maombi mengine yalikataliwa, sana sana kwa sababu karatasi za melini zilisema tayari ana mke Uingereza, kwaiyo ukikuta wameomba mara mbili usishangae.

Kama ni New South Wales indeksi ziko kwenye tovuti ya Museums of History NSW, hawa ndo wanatunza nyaraka za jimbo. Kama ni Western Australia tovuti ya Fremantle Prison ina orodha ya wafungwa wa meli zote, na kila mmoja alipewa namba yake ya peke yake, iandike hiyo namba kubwa kwenye jalada la daftari.

Angalizo la meli: meli moja ilikuja safari nyingi. Asia ilikuja zaidi ya mara moja, Mangles hivo hivo, na nyingine nyingi tu. Jina la meli bila mwaka halina maana, ni sawa na kuniambia ulikuja na basi la Dar Express.

5. Fungua orodha ya meli.
Kwenye indeksi utaona imeandikwa "indent". Ni orodha ya kukabidhiana, nahodha anaikabidhi serikali ya koloni mizigo yake, na mizigo yenyewe ni watu. Za miaka ya mwanzo ni fupi, jina, mahakama, tarehe, kifungo. Za miaka ya 1830 na kuendelea zina vitu mpaka unaona haya kusoma.

Safu zake zinasomeka hivi: elimu, "R W" anajua kusoma na kuandika, "R" anasoma tu. Dini, "P" Mprotestanti, "C" Mkatoliki. Ndoa, "M", "S" au "W", yani ana mke, hana, au amefiwa. Watoto, "2M 1F", wa kiume wawili wa kike mmoja, walioachwa huko. Alizaliwa wapi, kazi, kosa, alishawahi kufungwa. Alafu urefu, ngozi, nywele, macho, makovu, chale.

Tasmania orodha za wanaume ni CON14, za wanawake CON15, na zile za miaka ya 1840 mara nyingi zinataja ndugu waliobaki, baba, kaka, dada, na mji wao. Hiyo ndo ngazi yako ya kurudi Ulaya, usiipite.

6. Soma rekodi ya mwenendo.
Hii ni ya Tasmania na ndo inaliza watu. Wanaume waliofika kabla ya miaka ya 1840 kwa kawaida wako CON31, wa baadae CON33. Wanawake ni CON40 na CON41. Juu ni kesi yake na maelezo aliyoyatoa mwenyewe kuhusu kosa, chini kila alichofanya mpaka anaachiwa.

Ya mzee wetu naijua kwa moyo. Juu: kaiba koti, miaka 10. Kazi: mshona viatu. Urefu bila viatu, ndo walivyoandika, "bila viatu", mshona viatu kapimwa miguu mitupu, futi tano inchi tatu na nusu, yani kama sentimita 161. Macho ya kijivu. Mkono wa kushoto kachanjwa nanga na herufi mbili, M na K. Alafu zinafuata adhabu. Katoka bila ruhusa, siku kumi selo ya peke yake. Kalewa. Kamjibu bwana wake vibaya, kazi ngumu mwezi mmoja. Kalewa tena. Wino wa mwaka huu umeandikwa juu ya wino wa mwaka jana, nafasi ikiisha karani kageuza karatasi kaandika ubavuni. Ni ukurasa mmoja tu ila ulinichukua jioni tatu.

Yakikushinda maandishi, soma kwanza yale unayoyajua, tarehe na majina ya miezi, ujifunze mkono wa karani, alafu rudi kwenye magumu. Kuna mtego mmoja maarufu: S mbili waliziandika zinafanana na "fs", kwaiyo ukiona "Rofs" ni Ross. Na majina walikuwa wanayafupisha, Wm ni William, Jno ni John, Jas ni James, Thos ni Thomas, Chas ni Charles.

7. Fuata njia yake ya kutoka.
Kuna karatasi tatu za kujua. Ya kwanza "Ticket of Leave", kibali cha kujitafutia kazi na kulipwa ila asitoke wilaya aliyopangiwa. Sydney mwenye miaka 7 aliweza kuomba baada ya miaka 4, wa 14 baada ya 6, wa maisha baada ya 8, kama ametulia. Karatasi inataja wilaya, kwaiyo sasa unajua aliishi wapi na ukatafute kanisa la wapi.

Ya pili "Certificate of Freedom", cheti cha kumaliza. Wa kifungo cha maisha hana hiki, usipoteze muda, yeye mtafutie msamaha. Msamaha uko wa aina mbili, ule kamili, na ule wa masharti ambao anakuwa huru ila asirudi Uingereza. Huo wa pili ndo ulikuwa mwingi, na unakueleza kwa nini babu hakurudi kwao hata alipopata hela.

8. Rudi kwenye kesi.
Alihukumiwa London? Una bahati. Kesi za Old Bailey, mahakama ya huko London, ziko wazi mtandaoni bure, kuanzia 1674 mpaka 1913, unasoma maneno ya mashahidi wenyewe. Tovuti ya Digital Panopticon nao wameunganisha kesi za London na rekodi za Australia, bure pia. Alihukumiwa mikoani, basi ni magazeti ya mkoa ule na ofisi ya nyaraka ya mkoa. Rejista kuu za usafirishaji zenyewe ziko National Archives ya Uingereza pale Kew, faili HO 11, na shajara za madaktari wa melini ziko ADM 101, humo unasoma nani aliumwa tumbo na bahari ilichafuka siku gani.

Ireland pagumu. Rejista za kabla ya 1836 ziliteketea Dublin mwaka 1922. Kilichobaki kina indeksi kwenye tovuti ya National Archives ya Ireland, ila kwa waliofika mwanzoni utabaki na orodha ya meli ya upande wa Australia.

Na stori ya "aliiba mkate mmoja kwa njaa" ikague. Kila ukoo unayo. Wengi ukifungua unakuta ni kosa la pili au la tatu, au sio mkate kabisa, ni kondoo, ni vitambaa dukani, ni saa mfukoni mwa mtu.

9. Funga kamba pande zote mbili.
Kabla hujatangaza mezani (nimeshakwambia yangu) hakikisha vitu vitatu vinakubaliana kati ya mfungwa na babu yako wa ukoo: umri, kazi, na alipozaliwa, juu yake kuwe na karatasi moja yenye meli na mke au mtoto kwa pamoja. Jina likikubaliana peke yake sio ushahidi. Mti wa mtu mwingine mtandaoni nao sio ushahidi hata kama watu arobaini wameunakili, mana wamenakiliana wao kwa wao.

Na Waafrika je?

Wananiuliza hili kwa sauti ya chini, kana kwamba ni siri. Walikuwepo, tena tangu meli za kwanza kabisa. John Caesar alifika 1788, akatoroka porini mara kadhaa, wanamhesabu ndo jambazi wa kwanza wa msituni wa Australia, akapigwa risasi 1796. William Blue, mtu mweusi, alifika 1801, baadae akawa anavusha watu kwa boti Sydney, na ile Blues Point mnayopigia picha ni jina lake. Waliletwa pia Wakhoikhoi kutoka Rasi ya Afrika Kusini. Na 1834 waliletwa Sydney wasichana wawili watumwa kutoka Mauritius, mmoja wa miaka 12 na mwenzie wa miaka kama 8, eti walitaka kumwekea bibi yao sumu. Miaka nane jamani.

Mauritius watumwa wake wengi walitolewa Bukini, yani Madagaska, na pwani ya Msumbiji, kwaiyo ukikuta kwenye ukoo mfungwa kahukumiwa Mauritius usiishie hapo, angalia safu ya kuzaliwa vizuri. Wengine waliandikwa jina moja tu bila la pili, watafute kwa meli.

Ukikwama

*Simuoni kwenye indeksi yoyote.* Badilisha tahajia. Karani aliandika alivyosikia, na mfungwa mwenyewe wengi hawajui kusoma wamsahihishe. O' ya Waairishi iondoe. Jaribu herufi ya kwanza nyingine, H inadondoka, K na C zinabadilishana. Angalia pia neno "alias", kuna waliohukumiwa na majina mawili matatu na wakazikwa na la nne.

*Mwanamke kapotea baada ya kufika.* Kaolewa, ubini umebadilika. Rudi kwenye vibali vya ndoa utafute kwa meli yake. Kama ni wa Uskoti angalia ubini wa nyumbani kwao pia, kule mwanamke aliendelea kuandikwa kwa jina la baba yake hata akiwa ameolewa.

*Umri haukubaliani.* Tofauti ya miaka mitatu minne ni kawaida, watu hawakujua walizaliwa lini na wengine walijipunguzia. Tofauti ya kumi na tano ni mtu mwingine, kubali tu.

*Alimaliza kifungo alafu kimya.* Ingia Trove, magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa ya Australia, bure, Sydney Gazette lipo tangu 1803. Tafuta kwa jina na mji, alafu kwa jina na kazi. Utamkuta anadaiwa, anagombana na jirani kwa sababu ya nguruwe, barua yake imelala posta. Kama alikuwa Tasmania hamia rekodi za Victoria za miaka ya 1850.

*Nimepima DNA, mbona haisemi mfungwa?* Haiwezi kusema. Inakupa binamu wa mbali, basi. Waandikie hao binamu, uliza kama wao wana cheti ambacho wewe huna.

*Mama mkwe hataki kusikia habari za jela.* Usibishane nae mezani. Mimi niliprinti ule ukurasa mmoja, nikauweka karibu na birika la chai nikaenda kuanika nguo. Niliporudi alikuwa na miwani, kidole kiko kwenye "bila viatu", anacheka peke yake. Alafu akauliza ile M na K mkononi ni nani, mana mke wa babu wala mama yake hawakuwa na herufi hizo. Nimepitia ndugu wote waliotajwa kwenye CON14, hayupo. Sasa nipo kwenye vitabu vya ubatizo vya kijiji alichozaliwa, nimefika herufi G.